Kompyuta Yachora Turkana: Wenyewe Wako Wapi?

Mgeni aingiaye Lodwar kwa njia ya Kitale hupokewa na vilima. Ni vilima vya mawe meusi, mabaki ya volkano za zama za kale, na chini yake wapita mto Turkwel ukielekea Ziwa Turkana. Kandokando ya mto pana migunga na mikoma, jamaa ya mikoma ya kwetu Pwani, na akina mama husuka vikapu kwa majani yake. Ukiuacha mto, yaliyobaki ni changarawe, upepo na jua. Serikali ya kikoloni ilimleta hapa Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1959, ikamweka mpaka 1961, mbali na watu wake na mbali na macho ya walimwengu.

Vilima hivyo nimevitazama kwa namna mbili. Kwanza kwa macho, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kisha adhuhuri, ndani ya kibanda cha kupiga chapa barua na kutoa nakala, katika kompyuta ya kupakata ya kijana mwenyeji aliyekuwa mkalimani wangu. Kijana huyu ana nakala kongwe ya programu iitwayo Bryce, ambayo kazi yake ni moja tu, kutengeneza mandhari. Ipe vimo vya ardhi, nayo itakupa mlima wenye kivuli chake, ukungu wake na mbingu yake, na utaweza kuuzunguka mlima huo kama mtu azungukaye nyumba. Hizi ndizo ziitwazo picha za pande tatu, kwa kuwa zina urefu, upana na kimo.

Picha ilikuwa nzuri, tena nzuri sana. Kila kilima kilikuwa mahali pake na kila bonde lilikuwa na kivuli cha saa ile. Lakini mji haukuwamo. Hapakuwa na zizi la mbuzi, wala njia ya ngamia, wala kisima. Nilipomwuliza, akanijibu, "Mzee, hii programu inajua ardhi peke yake." Jibu hilo lanipa haja ya kuandika leo, kwani picha za namna hii sasa haziko katika michezo ya watoto tu. Ziko mezani pa wanaoamua barabara ipite wapi, bandari ijengwe wapi na maji yachimbwe wapi.

MLIMA WATOKA KATIKA HESABU

Tuanze na ufundi wenyewe, maana wengi wetu tumeuona katika sinema bila ya kujua asili yake. Mlima hauna umbo ambalo mwalimu wa jometri aweza kulichora kwa rula. Mtaalamu Benoit Mandelbrot, mzaliwa wa Warsaw aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alibuni mwaka 1975 jina la fraktali kwa maumbo ambayo kipande chake kidogo hufanana na kitu kizima. Jiwe lafanana na jabali, na kihori kidogo cha pwani chafanana na ghuba kubwa.

Mwaka 1980 Loren Carpenter, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya ndege ya Boeing, alionyesha filamu ya kiasi cha dakika mbili iitwayo Vol Libre. Ndani yake mtazamaji huruka juu ya milima ambayo haikuwahi kuwako duniani. Mwaka 1982 ufundi huo ukaonekana katika sinema ya pili ya Star Trek, ambamo sayari kavu yageuka kuwa ya kijani mbele ya macho ya watu.

Siri yake yaelezeka hata kwa mtoto wa chuoni. Chora pembetatu. Katikati ya kila upande tia nukta, kisha nukta hiyo inyanyue au ishushe kidogo kwa bahati nasibu. Ziunganishe nukta tatu, utakuwa na pembetatu nne zilizopinda. Zifanyie hizo nne kama ulivyoifanyia ya kwanza, upate 16, na katika kila duru kiasi cha kunyanyua na kushusha kipungue. Ukifika duru ya kumi una pembetatu 1,048,576, na ile pembetatu moja ya ubaoni imekuwa jabali lenye nyufa na makorongo. Utaratibu wa hesabu uendao hatua kwa hatua namna hii huitwa algorithimu, neno lililotokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9. Kwa hiyo tuzungumzapo mambo haya hatuingilii ya watu.

Ufundi huu ulikuwa wa mashine kubwa za makampuni mpaka kompyuta za nyumbani zilipopata nguvu. Kompyuta ya Amiga ya kampuni ya Commodore ilitoka mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Virtual Reality Laboratories ya California ikaitengenezea programu ya Vistapro. Mtumiaji aliulizwa mambo machache: maji ya bahari yafike kimo gani, miti iishie kimo gani, theluji ianzie kimo gani, na ukungu uwe mzito kiasi gani. Baada ya hapo ni kungoja. Mtu aliweza kwenda kuswali na kurudi, mashine bado yahesabu picha moja.

Mwandishi Arthur C. Clarke, aliyehamia Ceylon mwaka 1956 akaishi Colombo, ng'ambo ya bahari yetu hii, aliitumia Vistapro kuichora sayari ya Mirihi kana kwamba imejazwa maji na kuoteshwa misitu. Picha hizo alizitia katika kitabu chake The Snows of Olympus cha mwaka 1994. Mwaka huohuo ndipo ilipotoka Bryce, kazi ya Eric Wenger na Kai Krause, ikapewa jina la bonde moja la mawe mekundu huko Utah. Toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2010, lakini kama ujuavyo, kompyuta kuukuu hazifi Lodwar, hubadilishwa betri tu.

MIRIHI KABLA YA LODWAR

Mlima wa kubuni hautaki ramani. Mlima wa kweli wataka vipimo, na vipimo vina wenyewe. Vile vya Vistapro vilitoka zaidi katika Idara ya Jiolojia ya Marekani. Ramani moja ilikuwa na nukta zaidi ya 65,000, kila nukta mita 30 kutoka mwenzake. Ndiyo maana mtu mwenye Amiga nyumbani aliweza kuruka juu ya bonde la Yosemite, hata juu ya mlima Olympus ulioko Mirihi, ilhali Lodwar haimo.

Mwaka 1996 idara hiyo ilikamilisha takwimu za vimo vya dunia nzima, lakini nafasi kati ya nukta na nukta ilikuwa kama kilomita moja. Kwa kipimo hicho kilima kizima cha Lodwar chaweza kupotea baina ya nukta mbili. Ndipo Februari 2000 chombo cha Endeavour kikaizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada, mpokezi wake mmoja ukiwa umefungwa kwenye mlingoti wa mita 60. Rada hiyo haijali mawingu wala giza, na ilipima kiasi cha asilimia 80 ya nchi kavu. Takwimu za Afrika zilitolewa kwanza kwa nafasi ya mita 90. Zile za mita 30 zilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2014, na Afrika ikatangulizwa.

Hizo ndizo alizonazo kijana wangu. Huzigeuza kuwa picha ya nyeusi na nyeupe, nyeupe ikiwa ni juu na nyeusi ikiwa ni chini, akailisha ile programu kongwe, na nchi ya babu zake yainuka kiooni.

PICHA ISIYO NA ROHO

Hapa msomaji wa Pwani aweza kuuliza, kuna ubaya gani picha kukosa watu? Si ndivyo tulivyofundishwa? Ni swali la haki. Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imo habari ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, akamweleza kuwa riziki yake yatokana na kuchora. Ibn Abbas alimwonya juu ya adhabu ya wenye kusawiri viumbe, kisha akamfungulia mlango: kama hana budi, na achore miti na visivyo na roho. Kwa kipimo hicho wachora milima kwa kompyuta wako upande wa salama kuliko wachoraji wengi.

Lakini tazama jinsi wakongwe wetu walivyoutumia mlango huo. Katika Msikiti Mkuu wa Damascus, uliomalizika mwaka 715 chini ya Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, kuta zimepambwa kwa vijiwe vya rangi na dhahabu. Pana mto, miti mikubwa, majumba na vijiji. Hamna mtu hata mmoja, hamna hata ndege. Hata hivyo hakuna atazamaye kuta zile akadhani kuwa nchi ile haina watu. Milango imejengwa, miti imepandwa, na mto una nyumba ukingoni. Binadamu hakuchorwa, ila amehesabiwa.

Nayo Suratul Ghashiya, ambayo imamu wetu huisoma sana Ijumaa, yatuita tutazame viumbe kwa mpango wake: ngamia kwanza, kisha mbingu, kisha milima, kisha ardhi. Watengenezaji wa programu hizi walianzia ardhini, wakapanda milimani, wakafika mbinguni, na kwa ngamia hawakufika. Nchini Turkana, ambako ngamia ni maziwa, ni mahari na ni akiba ya kiangazi, upungufu huo si mdogo.

MTI WENYE MWENYEWE

Jioni ile alikuja pale kibandani ami yake kijana, mchungaji aliyeshuka mjini kuuza mbuzi. Akaonyeshwa picha. Kilima alikitambua papo hapo na akakitaja kwa jina lake. Kisha akakunja uso. Programu hupaka kijani kwa kufuata kimo, na kijana alikuwa ameiachia ipake ipendavyo, hata majani yakawa yamejaa mgongoni mwa kilima na bondeni pakabaki pakavu. Mzee akauliza kwa Kiturkana, nami nikafasiriwa: "Haya majani yamepanda juu yakimkimbia nani?" Tukacheka sote. Milima ya Marekani ina mstari wa juu ambao miti haiuvuki kwa sababu ya baridi. Turkana mti haufuati kimo, wafuata maji, na maji yako chini kando ya mto.

Tena mti huo una mwenyewe. Kandokando ya Turkwel pana haki ya kale iitwayo ekwar. Kila ekwar ni kipande cha ukingo wa mto pamoja na miti yake, na kaya fulani hujulikana kuwa ndiyo yenye kukitumia. Matunda ya mgunga yakianguka wakati wa kiangazi, mbuzi wa kaya hiyo ndio wayalao, na mgeni hukaribishwa kwa ruhusa. Kutoka angani ukingo huo waonekana mkanda mmoja wa kijani. Mwenye kuchukua picha peke yake ataiita kuni za bure, na magomvi yataanzia hapo.

Na maji je? Katika programu hizi maji ni tarakimu moja. Ukiongeza tarakimu, kila kilicho chini yake chafunikwa, bahari yajaa. Lakini Mturkana huchota maji ndani ya mchanga wa mto uliokauka, kwa kuchimba kisima mpaka mchotaji azame kichwa, na maji hupokezanwa kwa mikono mpaka juu. Maji hayo hayana kioo cha kung'aa. Mwenye kuyajua ni yule aliyeonyeshwa na babake.

MAJI YA LOTIKIPI

Jambo hili lilitoka katika mchezo likaingia katika maisha ya watu tarehe 11 Septemba 2013. Siku hiyo Serikali ya Kenya na UNESCO zilitangaza kuwa chini ya Turkana pamegunduliwa hazina kubwa ya maji, hasa katika bonde la Lotikipi na jirani na Lodwar. Kazi ilifanywa na kampuni ya Alain Gachet, Mfaransa, kwa fedha za Japani. Walichanganya picha za rada kutoka angani na vipimo vya tabaka za ardhi, wakapata sura ya pande tatu ya kilichomo chini, kisha wakachimba kuthibitisha. Kadirio lililotangazwa lilikuwa mita za ujazo bilioni 250. Dunia nzima ilishangilia.

Maji yalikuwapo kweli, hilo halina shaka. Lakini vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa maji ya visima vya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi cha kunyweka. Rada huona umbo, nayo haina ulimi. Lodwar yenyewe iliendelea kunywa kutoka visima vya kando ya Turkwel, palepale ambapo wachungaji walikuwa wakichimba kwa mikono tangu zamani. Simlaumu mtaalamu kwa kutafuta maji. Nasema kuwa kati ya picha na furaha ya taifa zima ilifaa ipite kata moja ya maji mdomoni.

Bonde hilo la Lotikipi lina hadithi iliyo kongwe kuliko rada. Mto unaoingia humo ni Tarach, upitao Kakuma. Waturkana husimulia kuwa vijana waliomtafuta fahali aliyepotea waliteremka bonde la Tarach, wakamkuta bibi mmoja, Nayece, akiishi kwa kuokota matunda ya mwituni. Wakaona nchi inafaa, wakarudi na mifugo yao, na taifa likaanza. Jabali lenye jina la bibi huyo liko upande wa juu wa mto. Katika kompyuta jabali hilo ni rundo la nukta kama marundo mengine.

MAKATONI YA NESSUIT

Dawa iko, tena imejaribiwa hapahapa Kenya. Mwaka 2006 Waogiek wa msitu wa Mau walikusanyika Nessuit wakajenga sura ya nchi yao kwa makatoni. Mistari ya kimo kutoka katika ramani ilikatwa tabaka baada ya tabaka, zikabandikwa moja juu ya nyingine mpaka milima ikainuka. Ni hesabu ileile ya kompyuta, ila imefanywa kwa mkasi na gundi. Kisha wazee wakaitwa. Hapa ndipo penye mizinga ya nyuki, hapa mpaka wa ukoo fulani, hapa palikuwa na mto jina lake hili. Kila neno likatiwa pini na rangi. Hakuna kiumbe kilichosawiriwa, na hakuna shimo lililobaki bila ya mwenyewe. Huo ndio mtindo wa Damascus.

JUA LA BARAWA

Kutoka Lodwar nilikwenda na kijana wangu mpaka Kakuma, mwendo wa kilomita kama 120. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na hivi leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya laki mbili wa mataifa mengi. Wasomaji wa Mombasa watakumbuka kuwa ndugu zetu waliokimbia Somalia mwaka 1991, wakiwamo Wabarawa na Wabajuni, walikaa kwanza katika kambi za Mombasa. Kambi hizo zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, baadhi yao walihamishiwa Kakuma, kutoka baharini hadi jangwani.

Baada ya swala ya alasiri mzee mmoja wa Kibarawa, aliponisikia lafudhi yangu, alinishika mkono akaniketisha. Wajukuu wake wamezaliwa Kakuma na bahari hawajapata kuiona. Alipojua kazi ya kijana wangu akamwomba, "Mwanangu, wafanyie hawa Barawa." Kijana akafungua kompyuta. Bahari ndicho kitu ambacho programu hizi huziweza bila ya taabu. Kwa dakika chache pakawa na ufuo, maji ya samawati na jua jekundu likizama mawimbini.

Watoto walishangilia. Mzee akatikisa kichwa. "Jua lina makosa," akasema. "Kwetu jua hutoka baharini, na huchwea nyuma ya mji." Kampuni iliyoitoa programu ile ilikuwa ya Magharibi ya Marekani, ambako jua huzama baharini, na pengine ndiyo sababu picha nyingi za namna hii zina machweo ya majini. Kijana akalihamisha jua upande wa pili, ikawa alfajiri. Kisha mzee akawa akielekeza kwa kidole: nyumba za mawe hapa, mnara wa msikiti pale, na mbele ya ufuo mwamba unaovunja mawimbi. Nyumba zilikuwa masanduku matupu, na mnara ulikuwa mche tu. Mzee alinyamaza kwa muda akitazama, kisha akawaambia wajukuu wake kwa Kibarawa mlango wa nyumba yao ulikuwa upande gani.

Nawaandikia haya watu wa Pwani kwa sababu Turkana si mbali kama tudhanivyo. Ule mradi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012 wakusudiwa kuunganisha bandari ya Lamu na Lokichar, Lodwar na mpaka wa Sudan Kusini. Njia hiyo huonyeshwa katika picha za pande tatu, na katika picha za aina hii bahari ni rangi moja ya samawati na nyika ni rangi moja ya mchanga. Wavuvi wa Lamu walilazimika kwenda Mahakama Kuu ya Malindi kueleza kuwa samawati ile ina mikondo, miamba na majina, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mchungaji wa ekwar atakwenda na hati gani?

Vijana wetu wajifunze ufundi huu. Vipimo ni bure, na programu nyingi ni bure. Wachore Lamu, wachore Vanga, wachore Lodwar. Ila kabla ya kuionyesha picha kwa mkubwa yeyote, waipeleke kwa mvuvi na mchungaji, waandike majina ya vijito, visima na makaburi. Kwa hao vijana nimetunga beti mbili:

Mchoro nimeuona, milima imepangika,
Na maji yamejazana, mbingu ikatandazika,
Wenye nchi nawanena, mbona hawakutajika?
Mchora nchi uliza, wenyewe wakueleze.

Maji yao mchangani, na jicho halikupawa,
Na miti ya ukingoni, wazee wamegaiwa,
Usiite nyika duni, nchi isiyokaliwa,
Mchora nchi uliza, wenyewe wakueleze.